Tangazo la Nyumba Iliyokwishapangwa

Madalali wenzake walimwita Asali kwa ajili ya ulimi wake. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwatafutia watu nyumba, na aliweza kukisifia chumba kisicho na dirisha mpaka mpangaji akashukuru kwa kukingwa na vumbi. Ofisi yake ilikuwa meza moja nyuma ya kinyozi. Wateja aliwapata kwenye ukurasa wa mtandaoni ambako madalali wote wa mji walibandika matangazo, picha juu ya picha, kila mmoja kwa jina la kujibandika. Yeye alijiita Dalali wa Uhakika.

Huko alikuwa na tangazo alilolipenda kuliko yote: nyumba ya chini, vyumba viwili, geti la buluu. Nyumba yenyewe ilikuwa imepata mpangaji zaidi ya mwaka mmoja nyuma, lakini tangazo hakulitoa. Watu walipiga simu kuiulizia, naye akawaambia, "Lo, imeondoka jana tu! Ila njoo, ninayo nyingine." Kwake huo haukuwa uongo. Ulikuwa chambo.

Binti yake, aliyesomea kompyuta, alimtengenezea tovuti, akaileta ofisini kumwonyesha.

"Baba, hapa ni pako peke yako," alisema. "Mtu akitafuta nyumba anakukuta wewe, kwa jina lako na sura yako. Nyumba zako hazichanganyiki na za watu, na iliyopangwa unaiondoa. Hata ukiwa umelala, mteja anaangalia."

Madalali wawili walikuwa wamekaa pale. Asali akaangua kicheko. "Tovuti! Mwanangu, tovuti yangu ni mdomo huu, na hauhitaji umeme!"

Wenzake walicheka hadi kinyozi akachungulia. Binti akafunga kompyuta yake taratibu, akaaga kwa adabu, na jambo lile hakuligusia tena.

Miezi miwili baadaye, nesi mmoja alipiga simu. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga, na walikokuwa wakiishi ni ghorofa ya pili. "Hii ya geti la buluu ipo kweli? Mama hawezi ngazi kabisa."

Wiki ile kazi ilikuwa imedorora. "Ipo," Asali akasema. "Njoo naye aione." Akamtajia mtaa, akiwaza kwamba wakishafika, atawapeleka kwenye nyingine mtaa uleule, ya ghorofa ya kwanza. Ngazi kumi na nne si mlima.

Alipofika, aliwakuta wamekwishashuka kwenye gari la kukodi, na gari limeondoka. Mama mtu mzima alikuwa amekalia kiti alicholetewa nje, fremu yake ya kutembelea mbele ya magoti, futi ya kupimia nafasi ya kitanda mkononi. Mbele yao alisimama mwanamke mwenye aproni.

"Sisi tumo humu mwaka wa pili sasa," mwanamke yule alikuwa akisema. "Na nyinyi ni wa tano mwezi huu! Kuna dalali anaitangaza nyumba yetu. Nikimtia mkononi, atanitambua."

Nesi akageuka kumtazama Asali. Kabla hajafungua kinywa, mama yake akamtangulia.

"Usimkaripie mwenzio. Huenda hakujua. Labda mwenye nyumba hakumwambia. Siyo, mwanangu?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, na umefunguliwa na mgonjwa. Asali akapita.

"Ndiyo, mama. Mwenye nyumba hakuniambia."

Mwanamke wa aproni akasogea, akamwangalia usoni. "Hakukuambia? Si wewe uliyetukabidhi funguo, hapa hapa tulipo?"

Asali alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama hakumlaumu. Aliikunja ile futi, akamshukuru mwenyeji kwa kiti, akamwambia bintiye, "Twende, nimechoka." Asali akanyoosha mkono amshike kiwiko.

"Usimguse," nesi akasema.

Akawaangalia wakielekea barabarani kutafuta gari jingine, hatua moja, kituo, hatua moja, kituo. Hakuthubutu kuwafuata, wala kuondoka hakuweza.

Siku mbili hakwenda kazini. Siku ya tatu alimkuta binti yake akipiga pasi.

"Ile tovuti bado ipo?"

"Ipo."

"Nilikucheka mbele ya watu. Nisamehe, mwanangu."

Binti aliligeuza shati, akaendelea na upande wa pili. "Unaitakia nini sasa?"

Akamweleza yote, hata ule uongo wa mwisho, ambao angependa kuuruka. "Kule kwenye ukurasa wa watu najificha," alisema. "Nataka mahali ambapo nikidanganya, sura ni yangu."

Binti akazima pasi. Walilifuta kwanza tangazo la geti la buluu. Kisha wakazunguka nyumba kwa nyumba, binti akipiga picha na kumlazimisha baba aandike mpaka kasoro: idadi ya ngazi, siku maji yasipotoka.

"Nani atapanga nyumba tuliyoisema hivi?" Asali alinung'unika.

Walipanga. Waliopiga simu walikuwa wachache kuliko zamani, lakini walikuja wakijua wanachokifuata, na wenye nyumba nao wakaanza kumtafuta wenyewe.

Asali alimtumia nesi ujumbe wa kuomba radhi, pamoja na anwani ya tovuti. Hakujibiwa. Ila asubuhi moja alipiga simu mwanamke asiyemjua.

"Nafanya kazi na nesi mmoja, ndiye aliyenionyesha tovuti yako. Amesema ulimdanganya mama yake, lakini humo hajaona uongo bado. Nikuamini lipi?"

Uso ukamwaka moto, japo hakuna aliyekuwa akimtazama. "Yote mawili ni kweli," akasema. Kisha akauliza, "Na mama yake, hajambo?"

"Hajambo. Walipata nyumba ya chini, kwa dalali mwingine."

"Alhamdulillahi," Asali akasema kwa sauti ndogo, akachukua kalamu aandike anachohitaji mteja.