Lori Lilikuja Tukiwa Kikaoni

Mwenye kiwanda alipokimbia, sisi washona viatu thelathini na wawili tulibaki na mashine zake. Miezi saba tulishona bila bosi, na tulishona vizuri, asikudanganye mtu. Kisha mahakama ikampa ruhusa ya kuja kuzibeba. Zikienda zile, tumekwisha.

Nikapendekeza tuchague kamati ya watu watano. Ikisema geti lifungwe, linafungwa, hakuna mjadala.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alicheka. Huyo ndiye msemaji wetu, ingawa yeye husema hatuna msemaji.

"Shemeji, leo kamati, kesho bosi mpya. Hapa haamrishwi mtu. Atalinda anayejisikia kulinda."

"Mwenye mali ana hakimu, ana polisi, ana lori," nikamjibu. "Sisi tuna viti vimepangwa duara! Unaikimbia dola, lakini yenyewe haikukimbii hata kidogo."

Wakampigia makofi yeye. Siwalaumu. Bosi alitutesa mpaka chochote chenye harufu ya amri, hata neno kamati, kikawa kinawatia kichefuchefu.

Jumatano asubuhi tulikuwa kikaoni, tunabishana kama anayekaa getini aitwe mlinzi au mwenzetu wa getini. Saa nzima, jamani! Getini alikuwepo fundi soli, tunamwita Kisigino. Alijisikia kulinda mpaka saa nne, halafu akajisikia kunywa chai.

Lori nililiona mimi wa kwanza, kupitia dirishani. Lilikuwa bado barabarani, linarudi kinyumenyume, na askari wawili wanalielekeza. Geti lilikuwa wazi. Mtu mmoja angetosha kulisukuma na kubana kufuli.

Nikanyoosha mkono kuomba nafasi ya kuzungumza. Ndiyo, mimi huyu huyu, mwenye mdomo mrefu na vitabu vya tabaka na mapinduzi chini ya kitanda. Mbele yangu walikuwa watatu. Nikasubiri zamu.

Zamu yangu ilipofika, mashine ya kwanza ilikuwa imeshapandishwa.

Kufikia adhuhuri sakafuni zilibaki alama nne nne za mafuta, pale miguu ya mashine iliposimama miaka yote. Wenzangu walikaa chini, wameegemea ukuta. Shemeji alinifuata, macho mekundu, akanishika bega.

"Shemeji, uliliona lori likija. Kwa nini hukutuamrisha?"