Chai Isiyo na Maneno

Kila asubuhi, kabla ya jambo jingine lolote, mjalidi vitabu alikuwa na miadi na kikombe. Alikisukuma juu ya meza mpaka kikagusa ukuta, akaegemeza mdomo wa birika kwenye ukingo wake, akatega sikio, ndipo akamimina. Kadiri chai ilivyopanda ndivyo mlio wake ulivyokuwa mwembamba, naye alikuwa amejifunza kuukata pale pale. Siku za mwanzo alimimina kando kwa uhakika wa mtu mzima, na meza ikanywa. Sasa meza haikupata hata tone. Ulikuwa ushindi, ila hakuwa na wa kumsimulia. Mkewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na kati ya viti vinne vya nyumba ile ni kimoja tu kilichokuwa na joto.

Jicho la kulia lilikuwa limezimika miezi minane iliyopita, bila maumivu. Daktari alimwambia kwamba mshipa mdogo nyuma yake ulikuwa umeziba.

"Hili la kushoto ni zima," alisema daktari, "lakini kupima umbali ni kazi ya macho mawili. Litakuonyesha kila kitu, ila halitakuambia kiko karibu kiasi gani. Ukitaka kushika kitu, yumbisha kichwa kwanza, kushoto na kulia. Kilicho karibu kitaonekana kusogea zaidi. Nyumbani una watu wa kukusaidia?"

"Wapo," akajibu.

Hakuwapo mtu. Alirudi nyumbani akishika ukuta, na katika ngazi ya mwisho akakanyaga ngazi ambayo haikuwapo.

Kazini walimwita Gundi. Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya maktaba, na huko vilishushwa vitabu vilivyopasuka migongo. Jicho halikumwaibisha sana pale, kwa kuwa mikono ilikumbuka yenyewe. Taa aliiweka upande wa kushoto ili sindano itupe kivuli juu ya karatasi. Ncha ilipokutana na kivuli chake, alijua imefika. Brashi ya gundi ndiyo iliyomsaliti. Siku moja mkutubi mkuu, mama mcheshi aliyekuwa akishuka kila siku saa nne kuchukua vitabu vilivyokamilika, alikuta karatasi imeng'ang'ania ubao wa meza.

"Gundi, leo umejalidi meza? Niiweke rafu gani?"

"Ya samani," akajibu, na mama yule akapanda ngazi akicheka. Kicheko kilibaki chumbani kwa muda mfupi, kisha nacho kikaenda zake.

Hakumwambia. Hakumwambia mtu yeyote. Akianika nguo, alibana hewa mara mbili kabla ya kubana kamba. Ufunguo aliuburura juu ya mlango mpaka ukatumbukia tunduni wenyewe. Barabarani alibeba mkoba kwa mkono wa kulia ili asalimiane na watu kwa kuinamisha kichwa, asije akanyoosha mkono ukaishia njiani. Marafiki waliokuwa wakicheza naye drafti walimwona akiangusha kete mara mbili, wakanong'ona kwamba uzee umepiga hodi. Akawaacha waamini hivyo, na Jumapili akabaki nyumbani.

Haya yote aliyamudu. Lililomshinda lilikuwa moja, nalo lilihusu kikombe kingine.

Kwao, msamaha haukuombwa kwa mdomo. Mama yao, aliyechoshwa na watoto wawili hodari wa kubishana, alikuwa amewawekea utaratibu wake: aliyekosa apike chai, ampelekee mwenzake kwa mikono miwili, na asiseme neno. Mwenzake akipokea, shauri limekwisha na halifufuliwi. Asipotaka, atikise kichwa, na chai irudi jikoni. Utotoni hakuna aliyethubutu kutikisa kichwa, kwa kuwa Mama mwenyewe alikuwa akisimama mlangoni na mwiko mkononi.

Dada yake mdogo, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda kwa kuwa alizaliwa wa mwisho, alimkosea siku Mama alipofariki. Walikuwa kwenye ukumbi wa hospitali. "Wewe unajua kutunza vitabu tu," alimwambia. "Mama amekata roho, wewe uko huko unashona kurasa." Tangu hapo hawakusemeshana kwa miaka mitatu.

Kisha ikaja harusi ya binti wa binamu yao, miezi minne iliyopita. Katikati ya wageni alimwona Kitinda akija na kikombe mikononi. Meza za jirani zilinyamaza, maana ndugu wote waliijua chai ile. Kikombe kilikuwa cheupe, na gauni la Kitinda jeupe. Hapakuwa na kivuli wala ukingo wa kushikilia kwa jicho. Akayumbisha kichwa kushoto na kulia, kama alivyofundishwa, kisha akanyoosha mikono yote miwili. Vidole vilifumbata hewa. Kikombe kilianguka kati ya miguu yao.

Kitinda alivitazama vigae vya kikombe. "Sawa, Kaka," alisema, akatoka.

Angeweza kumwita. Lakini kumwita kulimaanisha kusema mbele ya ukoo mzima kwamba ni nusu kipofu, na aibu ilimfunga ulimi. Baadaye alijifariji kwamba kila mtu anajua kikombe huponyoka. Alimpigia simu mara mbili. Iliita mpaka ikachoka. Hakuelewa kwa nini ajali ya kikombe imkasirishe mtu kiasi hicho, mpaka Jumatano moja mkutubi mkuu aliposimama mbele ya meza yake akimnyooshea kitabu, naye, kabla ya kukipokea, akayumbisha kichwa.

"Gundi, na wewe una mambo," alisema mkutubi. "Kila nikikupa kitu, unakataa kwanza ndipo unapokea. Nani kakuroga?"

"Ninakataa?"

"Si unatikisa kichwa? Hivi." Akamwigiza, kushoto na kulia, taratibu, na uso wa mtu aliyeletewa kitu asichokitaka.

Mjalidi aliketi. Mkutubi alipokwisha kuondoka, alifanya mwendo ule mbele ya kioo kidogo cha dirisha, mara moja, mara ya pili. Basi hicho ndicho Kitinda alichokiona: kaka mtu, mbele ya ukoo, akiikataa chai ambayo haikuwahi kukataliwa, kisha akiiachia ianguke ili kukazia.

Sasa mkosaji alikuwa yeye, na njia ilikuwa moja. Jioni tatu mfululizo alibeba kikombe cha maji kutoka jikoni hadi kwenye kiti cha marehemu mkewe, akarudi, akaenda tena. Jumamosi alivaa shati safi, akaenda upande wa pili wa mji, mahali Kitinda alipokuwa akiishi peke yake na kushona mapazia.

Kitinda alifungua mlango, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

"Umepotea njia?"

"Sijapotea. Naomba jiko lako."

Kitinda akajitenga mlangoni, akamwonyesha pazia lililotenga jiko, akaenda kuketi.

Jiko la mtu mwingine ni nchi ya ugenini. Mjalidi alipapasa rafu, akaangusha kifuniko, akaunguza kidole gumba akitafuta mahali kiberiti kinapokutana na jiko. Hapakuwa na ukuta wa kuegemezea kikombe, na ukingo wake ulikuwa mwembamba kuliko aliouzoea. Mmiminiko wa kwanza uliishia kwenye kitambaa cha meza. Akaufuta kwa leso yake, akaanza upya, akisikiliza. Alijua kwamba upande wa pili wa pazia kulikuwa na mtu anayesikiliza pia.

Akatoka na kikombe kwa mikono miwili, akipima sakafu kwa ncha ya kiatu. Kitinda alikuwa amekaa kwenye kochi refu, nyuma yake mapazia meupe ya watu yakisubiri kushonwa upindo. Mjalidi alisimama. Alimwona dada yake wazi kabisa, hata uzi mwekundu uliokwama begani. Asichokijua ni kama yuko hatua moja mbele au mbili. Akayumbisha kichwa, kushoto na kulia.

Uso wa Kitinda ulianza kujifunga, kisha ukasita. Anayetoa chai hatikisi kichwa. Kukataa ni kwa anayepokea. Jambo hilo halikuwamo katika utaratibu wa Mama.

Mjalidi akanyoosha mikono. Alikipeleka kikombe kwa upole, kwa heshima, na akakisimamisha shubiri mbili kutoka kwa dada yake, kama anayempa mtu mwingine aliyeketi kando. Akangoja hapo. Kochi upande ule lilikuwa tupu. Alimngojea asiyekuwapo kwa subira kubwa, huku chai ikitoa mvuke kati ya vidole vyake, bila kujua kwamba mikono ya dada yake ilikuwa imeshainuka mahali pengine.

Kitinda alipatazama pale patupu. Akamtazama kaka yake machoni, jicho moja kisha la pili. Ndipo akaihamisha mikono yake, polepole, mpaka ikafika kilipokuwa kikombe.

Akanywa. Baada ya hapo neno liliruhusiwa.

"Jicho gani?"

"La kulia."

"Tangu lini?"

"Kabla ya harusi."

Kitinda alikishika kikombe bila kunywa tena. "Hukutia sukari," alisema hatimaye.

"Sikuona iko wapi."

"Ilikuwa pale pale mbele ya macho yako."

"Ndiyo shida yenyewe."

Kitu kama kicheko kilimpita Kitinda, kikaishia puani. "Nani mwingine anajua?"

"Daktari."

"Miezi yote hii?"

Kitinda aliinuka, akaingia nyuma ya pazia, akakawia kuliko inavyochukua kumimina chai. Aliporudi na kikombe cha pili, macho yakiwa mekundu, hakumkabidhi mkononi. Alikiweka juu ya meza mbele yake, akachukua kijiko, akaugonga ukingo mara moja, tin, ili ajue kilipo.

Mjalidi alijua. Mlio ulikuwa wazi, karibu, upande wa kushoto kidogo. Mkono wake ungekwenda moja kwa moja. Lakini hakuuinua bado. Aliinamisha kichwa, akitumaini kwamba dada yake atadhani hakusikia, na atagonga tena.