Gundi Haiivi kwa Baridi

Mzee hakulia siku ya mazishi ya mwanawe. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Mkamwana wake, aliyeishi naye nyumba moja, alijua machozi yale yanatafuta njia nyingine. Mumewe aligongwa na lori alfajiri, akienda kiwandani kwa baiskeli, barabara giza totoro, na dereva alikuwa na neno moja tu: "Sikumwona." Neno hilo lilimkaa mzee kooni kama mwiba wa samaki. Matanga hayajapoa, akafungua mkoba wake wa zamani wa ufundi redio, akaanza kutengeneza taa za baiskeli.

Alikata bomba la alumini vipande vipande, akabandika ndani vitaa vya LED kwa gundi ya mirija miwili, ile ambayo ukichanganya dawa zake huwa ngumu kama mfupa. Alizigawa bure kwa waliofanya kazi na marehemu. Ya kwanza ilirudi upesi. Aliyekuwa nayo, jirani mmoja waliyembandika jina la Mlingoti kwa urefu wake, aliiweka mezani kwa haya.

"Mzee, usinielewe vibaya. Kitaa kimebanduka njiani. Nimefika kwa kudra za Mungu."

Mzee aliibonyeza gundi kwa ukucha. Ikabonyea kama nta. "Ni baridi hii," akasema. "Haijaiva. Inataka moto, tena moto wa taratibu."

Moto wa taratibu ulikuwemo nyumbani, ila ulikuwa wa mkamwana: oveni aliyookea mikate ya kuuza, ambayo tangu msiba ndiyo iliyolisha kila mdomo pale. Alipotoka kwenda kuuza, mzee akapanga taa kwenye sinia, akazisukuma ndani. Zilitoka ngumu, safi kabisa. Lakini mikate iliyofuata ilinuka kama gari lililotoka kupakwa rangi. Wateja wakairudisha, mmoja akiuliza kama siku hizi wanakandia mafuta ya taa.

Mkamwana alikuwa amevumilia mengi. Siku ile yalimfika shingoni.

"Baba, mwanao ametangulia. Sasa unataka na wajukuu zako wafe njaa? Hizo taa hazimrudishi!"

Mzee akazipanga taa zake kwenye sinia. "Kweli, mwanangu. Hazimrudishi."

Akabeba sinia lake akatoka. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma zaidi mkamwana.

Mzee akahamia stoo, kijumba cha uani kisicho na dirisha. Alitafuta debe, akalitoboa matundu, akaliweka juu ya jiko la mkaa na taa zake ndani. Kukiwa na jua aliacha mlango wazi. Alasiri moja ikaja mvua ya upepo, ikawa inarusha maji mpaka kwenye mkaa. Akafunga mlango, akaziba ufa wa chini kwa gunia.

Mkamwana alikuwa jikoni anakanda unga. Akamwita aje anywe chai. Kimya. Akadhani kazi imemnogea, akaendelea kukanda. Alipomwita tena hakusikia hata kikohozi. Alikimbilia stoo, akausukuma mlango kwa bega. Mzee alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kimelala upande, mkono bado umeshika koleo. Akamshika kwapani, akamburuta hadi nje mvuani, akipiga mayowe. Mlingoti alitokea mbio, akambeba mzee begani, wakaenda naye hospitali.

"Ni hewa ya mkaa," daktari aliwaambia. "Haionekani, hainuki. Mshukuruni Mungu, yu hai. Lakini akili yake, hapo tungoje."

Wakangoja. Mzee alirudi nyumbani anatembea, anakula, anataniana na wajukuu. Kilichopotea akilini mwake ni msiba. Asubuhi moja alikaa mlangoni, akauliza, "Mumeo hajatoka kazini bado?"

Mkamwana alimwambia kweli, kwa upole, akiwa amemshika mkono. Hapo ndipo yule mwenye moyo wa jiwe alipoangua kilio, akajitupa chini, majirani wakajaa uani wakidhani kuna msiba mwingine. Kulipokucha, alikuwa amesahau yote. Akakaa palepale mlangoni, akauliza tena.

Mkamwana aliutazama uso ule mtulivu.

"Ameongezewa zamu, baba," akasema. "Atachelewa."

"Na ile barabara ilivyo giza! Nitamtengenezea taa."

"Mtengenezee, baba."

Alimletea mkoba, akamwekea miguuni. Mzee alitoa mirija ya gundi, akaigeuza huku na huku, akainusa. Kisha akainua macho, akitabasamu kama mgeni aliyepewa kitu asichokijua.

"Hii nayo ni ya nini, mama?"

Mkamwana alifuta mikono kwenye kanga, akaketi kando yake. "Unakamua huku na huku, baba, sawa kwa sawa," akaanza kumweleza. "Halafu unakoroga."