Futi Sitini Kutoka kwa Bomba

Tingatinga lilikuwa limenguruma nusu saa, na mlango wa karakana ya useremala ya Munyoki ulikuwa na X nyekundu. Hapo Mukuru kwa Njenga, mwaka wa 1994, X ilimaanisha unabomolewa asubuhi hiyo hiyo. Ndani mlikuwa na vitanda vinne vya wateja, randa zake, na kazi ya miaka kumi na tisa.

"Mzee, toa vyombo," alisema Gachanja, mpimaji kijana aliyetumwa na serikali. "Bomba la majitaka linapita hapo mbele. Ramani inakataza kujenga mita sitini kila upande. Wewe uko mita ishirini na mbili."

"Nionyeshe hiyo ramani."

"Utaisoma?"

Askari wakacheka. Munyoki aliacha shule darasa la tano, lakini alikuwa amekata mbao tangu ujana, na mbao huuzwa kwa futi. Akaiinamia ile karatasi ya manjano. Pembeni paliandikwa 1953. Tarakimu tele, wala hapakuwa na neno mita popote.

"Hizi ni futi," alisema.

"Serikali iliacha futi zamani, mzee. Ofisini kila kitu ni mita."

"Serikali iliacha, sawa. Karatasi iliambiwa na nani?"

Gachanja akampungia mkono dereva. Tingatinga likasogea. Munyoki akaenda kusimama mlangoni pake, akaongea kwa sauti ya kushinda injini.

"Yale mashimo mawili ya bomba, yenye vifuniko vya chuma. Karatasi inasema kutoka moja hadi jingine ni ngapi?"

Gachanja akatazama. "Mia moja themanini."

"Pima na tepu yako mwenyewe. Zikifika mita mia moja themanini, hii karakana nitaivunja kwa nyundo yangu."

Mpimaji alitaka kukataa, lakini watu walikuwa wamejaa na wote wamesikia. Akapima. Hamsini na tano. Akapima tena, polepole. Hamsini na tano. Akatoa kikokotoo mfukoni, akabonyeza. Dereva akazima injini bila kuambiwa.

"Ni futi," Gachanja alisema hatimaye. "Sitini ni mita kumi na nane na kidogo."

"Baba Mbinya, leo unakula mandazi bure," Nasike alimwambia Munyoki, akimwita kwa jina la mwanawe kama kawaida. Alikuwa na kibanda cha mandazi mbele ya karakana. Naye alikuwa amepigwa X.

Munyoki alikuwa akikitazama kile kibanda. Jicho lake la fundi lilikuwa limeshapima.

"Fundi, shika mwisho wa tepu pale kwenye kifuniko," Gachanja aliagiza. "Tupige mstari upya."

Tepu ikanyooshwa kando ya kibanda. Kumi na nane na kidogo ikapita ukuta unaotazama bomba kwa shubiri moja. Kibanda kilikuwa kimeingia ndani ya mstari uliokatazwa.

Nasike akachuchumaa karibu naye. "Rudisha mkono nyuma kidogo," alinong'ona. "Ni wewe umeshika."

Gachanja alikuwa anautazama ule mkono. Ukisogea, hata ile hamsini na tano ingeonekana uongo, na nyumba arobaini zenye X nyuma yao, zilizokwisha kuokolewa na futi, zingebomolewa. Munyoki akakandamiza kidole gumba juu ya chuma mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Andika," alisema.

Tingatinga likawashwa. Munyoki akakimbia kibandani, akashika karai la mafuta.

"Liache, Munyoki," alisema Nasike, bila kumwita Baba Mbinya. "Nitabeba mwenyewe."