Mguu wa Watachoka

Pale Iyunga, ukitaka watu wacheke hata wakiwa msibani, wewe taja tu kazi ya Daktari Isakwisa.

"Anatibu nini?"

"Mifupa."

"Ya nani?"

"Ya mbwa na paka."

Hapo hata mfiwa atafuta machozi aulize upya, asije akawa amesikia vibaya. Mama yake mzazi, akiulizwa kanisani mwanawe ni daktari wa nini, hujibu "wa mifupa" na kunyamaza hapohapo, watu wajimalizie wenyewe.

Wenzake aliosoma nao Morogoro waliingia kwenye ng'ombe na kuku, kuliko na wateja. Yeye aliongeza miaka mitatu Afrika Kusini akijifunza kuunga mifupa ambayo mingine haifiki urefu wa kalamu. Mpe mguu wa paka, afumbe macho, atakwambia ufa uko wapi na umeelekea wapi. Mikono ile, jamani! Ila mikono haijisifu, na Isakwisa, tusifichane, alipenda kusifiwa. Arobaini na mitano ilikuwa inamgonga, na hakuna aliyewahi kumpigia makofi.

Bertha alifika kliniki asubuhi moja ya mwezi wa tano, katoka safari ndefu Igowole, mbwa kamlaza mapajani juu ya kitenge.

"Kamwene, daktari."

"Kamwene, mama. Kapatwa na nini?"

"Bodaboda, baba. Mzee Filemoni, aliyekuwa bwana mifugo wetu kabla hajastaafu, ndiye kamfunga hivi. Akasema mkono wake umeishia hapo, nikutafute wewe."

Mguu wa nyuma, wa kulia, ulikuwa umefungwa kwa vipande vya mwanzi vilivyochongwa vizuri, pamba ndani, kamba haikubana wala haikulegea. Isakwisa aliona kuwa ni kazi safi. Hakusema.

"Anaitwa nani?" aliuliza Lusia, msaidizi wake, kalamu mkononi.

"Watachoka."

Lusia akacheka. "Watachoka nini tena, mama?"

"Kunisema, mwanangu. Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walitaka nitoke shambani. Nikatafuta mbwa, nikampa jina. Kila jioni namwita kwa sauti kubwa, wasikie." Akampapasa mbwa sikio. "Huyu ndiye mlinzi wangu. Asipokimbia huyu, mahindi ni ya tumbili, na yatakayobaki ni ya shemeji."

Isakwisa akafungua mguu, akaupiga picha ya eksirei. Mfupa wa muundi ulikuwa umekatika vipande viwili na kijipande. Akamwambia Bertha kwamba mbwa atakimbia tena. Alisema hivyo kwa sababu aliweza: saa tatu mezani, bamba moja la chuma, skrubu saba, na mfupa ukanyooka kama haujawahi kuguswa. Eksirei ya baada ya upasuaji aliitia kwenye simu akawaonyesha mpaka fundi pancha wa jirani.

Siku ya kumkabidhi mbwa alimkalisha Bertha chini.

"Wiki sita, mama. Akae bandani. Atoke kwa kamba, ajisaidie, arudi. Asikimbie, asiruke. Chuma kinashikilia tu, anayeunga ni mfupa mwenyewe, na mfupa hauna haraka."

Bertha akayarudia maneno yale moja moja, kama mtoto wa kipaimara na katekisimu yake. Na akayashika. Banda akalijenga ndani ya jiko lake ili asimpe mbwa kisogo. Majirani wakamtania kwamba Watachoka kapewa likizo ya uzazi. Yeye na kamba yake mkononi.

Wiki ya tatu ilipoisha, Bertha akapiga simu. Kwao, mgonjwa akirudi salama kutoka hospitali, watu huitwa wamshukuru Mungu pamoja. Je, daktari angekuja?

Daktari akavaa suti.

Loo, nyumba ilijaa! Watu walitoka ibadani moja kwa moja, wengine walifuata harufu ya wali, wengine walitaka tu kumwona mbwa mwenye chuma. Baraza la Bertha liko juu, ngazi nne toka uani, na hapo juu ndipo Isakwisa alipowekwa, kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Eksirei ikapita mkono kwa mkono, juu chini chini juu. Mama mmoja akaikodolea macho akasema, "Kumbe hata mbwa ana mifupa mizuri hivi," watu wakaangua kicheko. Ulanzi, pombe ya mianzi, ukazunguka. Bertha akasimama, akamshukuru Mungu, kisha akamgeukia daktari, na makofi yakapigwa. Isakwisa akanyoosha koti la suti.

Sasa pale palikuwa na Obeid, Mngoni aliyeoa Igowole, mtani wa kijiji kizima. Mngoni na Mhehe wakikutana pasipo matusi ya utani, ujue mmoja anaumwa.

"Wahehe ninyi!" alipaza sauti. "Mmetuita kuja kuona mbwa amelala? Semeni ukweli, huyu ananoneshwa, supu iko jikoni!"

Watu hoi.

"Na wewe daktari," Obeid akaendelea, "Mnyakyusa mzima, suti kama bwana harusi. Chuma chako kinatembea au ni cha kuangalia kwenye picha?"

Kicheko kile Isakwisa alikijua. Alikuwa amekisikia misibani, harusini, barabarani, miaka kumi na mbili. Akaweka kikombe chini, akaingia jikoni, akamtoa Watachoka kwa kamba mpaka barazani.

Mzee Filemoni, aliyekaa karibu na mlango, akamwinamia. "Daktari, si ni wiki ya tatu hii?"

"Hatua mbili tatu tu, mzee."

Akainama afungue kamba. Bertha akasogea. "Baba, na kamba?"

"Mama, mimi ndiye niliyeweka chuma."

Watachoka akasimama. Akaweka mguu chini, akaujaribu, akatembea. Hatua ya kwanza, ya nne, ya sita. Vigelegele! Obeid mwenyewe akaruka juu kwa furaha, na kwa furaha hiyohiyo akachukua kipande cha nyama sahanini mwake, akakirusha. Kikapita ukingo wa baraza, kikaangukia uani.

Mbwa akakifuata hewani.

Sauti ile Isakwisa angeitambua hata katikati ya tarumbeta: ukuni mkavu unaovunjwa kwa goti.

Kliniki, eksirei haikumficha kitu. Skrubu nne zimeng'oka na mfupa umepasuka mpaka gotini. Hapakubaki pa kushikia. Alijaribu hata hivyo, akafungua, akatafuta, akafunga. Siku ya tatu nyama ikaanza kuoza. Akapiga simu Igowole.

"Mama, itabidi nikate."

"Kata, baba. Kosa ni langu. Ulinikanya, mimi nikaita watu."

Neno lilikuwa pale, mlangoni mwa meno. Hapana, mama. Ni mimi. Maneno manne tu.

"Pole, mama," alisema.

Jioni ile, kwenye faili la mgonjwa, aliandika kwamba mbwa aliruka nyumbani. Lusia akasoma, akainua macho. Alikuwa amekwisha kusikia habari yote kwa dereva aliyewaleta.

"Daktari, nani alifungua kamba?"

"Andika dawa, Lusia."

Lusia akaandika dawa.

Baada ya wiki mbili alimrudisha Watachoka mwenyewe, kwa gari lake. Alipoacha barabara kuu pale Nyololo alikuwa ameshaipanga hotuba. Mbwa alikuwa kalala kiti cha nyuma, amezoea miguu mitatu kuliko daktari alivyozoea kumwangalia.

Nyumba ilijaa tena, safari hii kwa kutoa pole. Mahindi ya upande wa korongo yalikuwa yamelala chini, tumbili walikwishapita. Bertha alikuwa akiwasimulia wageni, na ilionekana si mara ya kwanza:

"Daktari alinikataza kabisa. Mimi na kichwa changu kigumu, nikaita watu."

"Ndiyo ujifunze, Bertha," alisema mama mmoja. "Wataalamu wakisema, tusikie."

Isakwisa akasimama. "Mama Bertha hana kosa. Kamba niliifungua mimi. Mzee Filemoni alinionya, Bertha mwenyewe akaniuliza, nikawajibu kwa kiburi. Mlikuwapo. Mliona."

Watu wakatazamana. Kisha yule mama akatikisa kichwa polepole, machozi yakimlengalenga.

"Mnaona mtu aliyesoma? Anajitwika kosa ili mwenzetu asiumie."

"Mungu ambariki," wakaitikia.

"Si hivyo," alisema Isakwisa. "Nisikilizeni..."

"Tumekusikia, baba, kaa upumzike. Safari ndefu."

Obeid, ambaye siku ile hakutania mtu, aliangalia viatu vyake. Filemoni peke yake ndiye aliyemtazama usoni.

"Ungemwambia siku ile kwenye simu," alisema taratibu, "angekuamini. Angekukasirikia, mkayamaliza. Sasa ameshajisema kijiji kizima wiki mbili. Utamtoaje humo?"

Ingekuwa mfupa, Isakwisa angejua pa kuanzia.

Bertha akaja na jagi na beseni, akapiga goti, akamnawisha mikono ile. Kisha akaleta sahani. Kuku alikuwa amechinjwa, na juu kabisa, peke yake, ilikuwa imewekwa firigisi, ile ambayo kila mtu pale alijua haipewi ila mgeni wa heshima.

"Kula, baba. Ulihangaika sana kwa ajili yetu."

Kuirudisha kungekuwa kumtukana mbele ya watu, tena nyumbani kwake. Akaichukua. Wote walikuwa wakimtazama kwa upendo, wakisubiri aanze ndipo nao waanze. Akaitia mdomoni, akatafuna, na wote wakaanza kula.