Skrubu Nne

Mwalimu alininyooshea bisibisi, mpini ukiwa kwangu na ncha kwake, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyompa mwenzake kisu. "Haya binti," akasema, "wewe ndiye mwenye mikono ya kazi. Tufungulie tuone." Mbele ya watu mia na ushei ukumbini, nikamtazama kaka.

Kaka alikuwa amesimama kando ya projekta, ndani ya suti ya kuazima, kipaza sauti mkononi. Macho yake yalikuwa yanasema neno moja tu: skrubu imeliwa kichwa. Sema imeliwa kichwa, mdogo wangu, haizunguki, tutafungua siku nyingine. Ulikuwa uongo mdogo, na fundi yeyote duniani angeusadiki.

Lakini yule mama mwalimu alikuwa ameitoa bisibisi hiyo nyumbani kwake.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo, kaka na mimi tulikuwa na chumba kimoja juu ya duka la matairi, meza mbili, na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopiga upepo. Tulikuwa tunaunda kishikwambi cha wanafunzi. Kaka alikipa jina la Daftari. Mama alikuwa akipanda ngazi kila alasiri kutufutia vumbi mezani, na wageni wakija aliwaambia ana watoto wawili na mjukuu mmoja wa plastiki.

Mpinzani wetu tulimwita Jitu. Jina lake halisi kaka alilipiga marufuku mle chumbani, alisema lina mkosi. Ilikuwa kampuni iliyoshika soko hadi watu walikuwa wamelisahau neno kishikwambi. Walitaja jina lake tu, hata kama walichoshika ni cha mtu mwingine kabisa. Siku moja muuza matairi alikigeuzageuza Daftari chetu, akakisifu kwa dhati, kisha akakiita kwa jina la Jitu. Kaka hakula siku hiyo.

Jitu lilikuwa na doa moja. Vyake vilizibwa kwa gundi. Kioo kikipasuka au betri ikichoka, ni cha kutupa. Chetu kilifungwa kwa skrubu nne za kawaida. Mwalimu wa shule yoyote angeweza kukifungua na kubadilisha betri mwenyewe, kisha akaendelea na somo. Wazo hilo lilikuwa la kaka, na mpaka leo, pamoja na yote, nasema lilikuwa wazo zuri. Tuliliandika kwenye bango kwa herufi kubwa: SKRUBU NNE TU. KIFUNGUE MWENYEWE.

Nilimpenda sana kaka yangu. Baba alipotutoka nilikuwa na miaka tisa, na kaka ndiye aliyenifundisha kulehemu nyaya ili nisikae nikilia. Alikuwa ananishika kiganja akiongoza mkono wangu, na nikiungua alikuwa anapuliza kidole huku akinicheka.

Siku tatu kabla ya uzinduzi tulipokea shehena mpya ya bodi za saketi za ndani, na zote zilikuwa mbovu. Ukikiwasha, Daftari kilifanya kazi dakika ishirini, kikapata moto, kikaganda kabisa. Nilibadilisha hiki, nikapunguza kile, nikaomba Mungu. Dakika ishirini, kikaganda.

"Ahirisha," nikamwambia kaka.

"Niahirishe? Kamati ya walimu wakuu inachagua kishikwambi cha shule zote za huku. Jitu lina miadi nao wiki ijayo. Nikiahirisha, tumekwisha."

Akaweka mezani boksi jipya la Jitu. Nilielewa kabla hajafungua mdomo.

"Ni saa moja tu," akasema. "Ndani chao, nje chetu, programu yetu. Shule zikifunguliwa vyetu vitakuwa sawa. Hatudanganyi, mdogo wangu. Tunatangulia tu."

"Na wakitaka kukifungua?"

"Tumefanya maonyesho saba. Nani amewahi kutaka?"

Kweli, hakuna. Watu walifurahi kusikia kwamba kinafunguka, wakapiga makofi, wakaenda zao. Kwa hiyo nilifanya. Sijisafishi; sikushikiwa panga. Nilikipasua cha Jitu kwa wembe, nikakiingiza tumboni mwa chetu, nikakaza skrubu nne. Kikafanya kazi vizuri kuliko Daftari kilivyowahi kufanya tangu kizaliwe, na hilo liliniuma kuliko uongo wenyewe.

Uzinduzi ulikwenda dakika arobaini bila kukwama. Kaka alizungumza kama mtu aliyezaliwa jukwaani. Mama, mstari wa mbele, alikuwa anapiga makofi hata pasipostahili makofi. Ndipo mwenyekiti wa kamati akasimama, mwalimu mkuu wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Akaja mbele taratibu, akakichukua kile kilichokuwa kikiwaka, akafungua mkoba wake na kutoa bisibisi yenye mpini wa manjano.

"Bango lenu limeniambia nifungue," akasema. "Na shuleni kwangu fundi wa kengele ni mimi, wa taa ni mimi, wa bomba ni mimi. Sasa nataka nijue kama na hiki nitakiweza."

Watu wakacheka kwa upendo. Tulikuwa tumemngoja mtu kama yeye miaka miwili, na alikuwa amekuja.

Sikuweza kumdanganya yule mwalimu. Wakati ule hesabu yangu ilikuwa rahisi: kampuni itakufa, nayo ife. Aibu itatupata, tutaigawana nusu kwa nusu, kaka na mimi, na kesho tutaanza upya na meza moja. Kumpoteza kaka ndiko nilikokuwa nakuogopa, na jambo hilo sikuliona likikaribia. Niliona tunaanguka pamoja.

Nikafungua. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mfuniko ukatoka, na nembo ya Jitu ikatokea katikati ya gundi yangu, kubwa, safi, kila aliye mbele akaiona.

Mwalimu akavaa miwani. Hakupandisha sauti. "Hiki si cha jirani?" akauliza.

Nikamgeukia kaka ili tuanze kusema pamoja. Akawasha kipaza sauti.

"Mdogo wangu," akasema, na sauti yake ilitetemeka vizuri kiasi kwamba hata mimi nilikaribia kumwamini. "Umefanya nini?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, akinitazama mimi tu. Maneno yote yalikuwa mdomoni mwangu, tayari. Lakini ningeyasema, Mama angerudi nyumbani na watoto wawili waongo. Ningenyamaza, angerudi na mmoja. Na nilikuwa na hakika kwamba kaka ameshikwa na hofu tu, kwamba kabla ya jua kuzama atakwenda kwa Mama mwenyewe na kulisawazisha jambo.

"Nisameheni," nikasema.

Jioni hakwenda. Kesho yake hakwenda. Wiki ikapita, na nikagundua kwamba ameshaanza kuusadiki uongo wake. Jitu lilipata shule zote. Mwaka uliofuata lilimwajiri kaka kwenye mauzo. Nasikia aliwasimulia namna alivyoangushwa na ndugu yake wa damu, wakamhurumia. Mimi nina kibanda cha ufundi. Naletewa vishikwambi vya Jitu kutwa nzima, navipasua kwa wembe. Mkono umeshazoea.

Mama hakunitenga. Alinipenda kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kila baada ya muda aliniuliza, polepole, kwa nini nilimfanyia mwenzangu vile. Nilimjibu kwamba shetani alinipitia. Hasira yangu kwa kaka ilikuwa kali mpaka meno yalikuwa yananiuma.

Mwaka wa kumi na moja baada ya uzinduzi, Mama akalazwa hospitali. Mchana mmoja alituita wote wawili, kaka upande huu wa kitanda, mimi upande ule. Alikuwa amepungua, sauti imebaki kidogo, akaitumia yote.

"Mwanangu," akamwambia kaka, "msamehe mdogo wako. Nataka niondoke nikijua umemsamehe."

Kaka aliinamisha kichwa. Nilimpa muda, Mungu ni shahidi, nilimpa muda wote aliouhitaji. Nesi aliingia, akatazama dripu, akatoka.

"Nilishamsamehe zamani, Mama," akasema.

Mama akanigeuzia uso, akasubiri niseme langu.

"Ahsante, kaka," nikasema.