Niliinama, Akapita

Wijdan aliporudi kutoka Kanada, mwaka 2004, alinikumbatia kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto ulikuwa unaning'inia tu kama mkono wa kanzu iliyoanikwa. Nikamnusa shingoni kama nilivyokuwa nikimnusa alipokuwa mdogo, nikapata harufu ya dawa. Na nilijua, kabla hajasema neno, kwamba mimi ndiye niliyemfanyia vile.

Watu wa nyumba hii ya Azaiba, huku ng'ambo tulikohamia kutoka Unguja, hawakujua. Mwanangu Majid, babake Wijdan, alijua lile aliloambiwa kwa simu: binti yako ameshambuliwa na puma. Ikabidi atueleze sisi wanawake puma ni kitu gani. Ni paka mkubwa, akasema, rangi ya vumbi, hana madoa, mrefu kama sofa hili. Wijdan alikuwa anasomea mambo ya samaki katika mji uitwao Nanaimo, jina nililolipenda tangu mwanzo kwa sababu ni kama la shamba la mtu huko kwetu Unguja. Nyuma ya nyumba za wanafunzi kuna njia ya msituni, watu wanaipita mchana kweupe kwenda skuli. Hapo ndipo alipomkuta puma amekaa katikati ya njia, anapeleka mkia huku na huku.

Alimrukia mabegani. Begi la vitabu ndilo lililookoa shingo. Watu wawili waliokuwa wakitembea na mbwa wao walipiga makelele, wakamrushia magogo, akamwachia. Sikio la kushoto lilikwenda nusu, na mkono ule hauinuki kupita bega.

Alhamdulillahi, roho ipo. Kila aliyekuja kumtazama alisema hivyo, akanywa kahawa, akala haluwa, akaondoka. Na mimi nikiitikia alhamdulillahi, macho yangu yako kwenye zulia.

Sasa nikwambieni nilichokifanya.

Ilikuwa mwaka tisini na moja, au na mbili. Wijdan alikuwa na miaka minane. Baada ya chakula cha mchana, joto limewalaza watu wote, sisi wawili tukijifungia chumbani kwangu tukitegana vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nna nguo moja, sijaifua tangu nizaliwe, na madoa yake ndio urembo wangu."

Akafikiri mpaka ulimi ukatoka nje. "Sijui, Bibi."

"Nipe mji."

"Chukua Salala."

"Salala nilikwenda, nikala ndizi nikanywa madafu, watu wake wakataka kunioza mume, nikakataa. Jawabu, chui."

Akacheka, kisha akaniuliza, "Bibi, wewe umewahi kumuona chui?"

Kwetu, nilipokuwa mtoto, chui hakuwa mnyama tu. Wazee wakisema wako wanaofugwa na watu, wanatumwa. Kwa hivyo ukikutana naye njiani humtazami, maana ukimtazama utamjua bwana wake, na bwana wake hataki kujulikana. Unainama, unashusha macho, unagusa ardhi, unasema: "Sikukuona, nawe hukuniona." Basi anakwenda zake. Mama yangu alinifunza hivyo, na yeye alifunzwa na mamake.

"Nimemuona," nikamwambia. "Kule kwetu Muyuni, nna umri kama wako. Nilitoka pwani peke yangu, huyo hapo. Nikagusa ardhi, nikasema maneno yangu. Alipita karibu mpaka nikasikia pumzi yake mguuni."

"Hukuogopa?"

"Niogope nini? Niliinama, akapita."

Aliyapenda maneno hayo. Akawa anayasema hata akimpisha paka wa jirani. Tukaufanya mchezo: mimi natoka nyuma ya pazia kwa magoti, naunguruma, yeye anainama, anagusa zulia, anasema maneno, mimi napita. Siku moja mamake akafungua mlango akatukuta. Masouda, mkaza mwanangu, ni mfamasia, mtu wa vitu vilivyoandikwa na kupimwa.

"Mama, nakuomba," akasema. "Usimtie mtoto mambo ya wachawi."

"Mchezo tu huu, mwanangu."

"Basi mchezo huu na uishe."

Haukuisha. Tulianza kufunga mlango kwa ufunguo.

Nirudi kwenye mwaka ule wa jeraha. Kila baada ya siku moja alikuja Jerusha, nesi wa Kikenya anayekaa Hamriya, kumbadilisha Wijdan bandeji. Mwanamke mchangamfu, mikono yake myepesi, mdomo haunyamazi.

"Lakini wewe msichana, nikuulize," alisema siku moja anakata plasta. "Kwetu Laikipia chui akikuja kwa boma, hata mtoto anajua. Unapiga sufuria, unapiga nduru, unajifanya mkubwa kama lori. Wewe ulifanya nini?"

Wijdan alinitupia jicho mara moja tu, haraka, akaliondoa. "Nilishikwa na butwaa, sista."

"Woi, pole. Hata mimi pengine ningejikojolea."

Jerusha alipoondoka nikamsogelea kitandani. "Uliinama?"

"Niliinama, Bibi."

"Ukagusa ardhi?"

"Nikagusa. Na maneno nikayasema yote." Akatabasamu upande ule usiouma. "Labda puma hajui Kiswahili."

Nikacheka na mimi, Mungu anisamehe. Kisha nikaingia chooni, nikafungulia bomba maji yapige kelele, nikalia.

Jumatano Majid alikuwa akipekua begi la Wijdan anatafuta karatasi za hospitali, akatoka na karatasi moja ya rangi, ina picha ya mnyama. Akaja nayo sebuleni akaisoma kwa sauti, anaigeuza Kiswahili ili na mimi nifahamu.

"Ukikutana na puma usikimbie. Usiiname. Mtazame machoni. Inua mikono, jifanye mkubwa, piga kelele, mrushie chochote ulicho nacho." Akamtazama bintiye. "Walikupa lini hii?"

"Siku ya kwanza, Baba."

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Wale waliokuokoa wamesema walikukuta umeinama, mkono uko chini, kama unaokota kitu. Kwa nini?"

Nilikuwa nimekaa baina yao, nna tasbihi mkononi. Nilisubiri alitaje jina langu. Nilitaka alitaje, na nikaomba asilitaje.

"Nilisahau," Wijdan akasema.

Majid akaikunja karatasi ndogo, ndogo zaidi. Si mtu wa hasira mwanangu. Hilo ndilo lililonitisha, namna alivyosema kwa utaratibu. "Mtoto anayesahau jambo la kuokoa roho yake, mimi simrudishi mbali na macho yangu. Jumamosi nakwenda kuirudisha nafasi yako ya masomo. Utasoma hapa, au utakaa."

"Baba, nimebakisha mwaka mmoja tu."

"Nimemaliza."

Akaichukua pasi yake ya kusafiria akaifungia kabatini. Wijdan hakulia wala hakubishana. Neno moja lingemtosha, "Bibi alinifunza," na angekuwa mtoto mtiifu aliyepotezwa, si mtu wa kusahausahau asiyeaminika. Hakulisema. Alhamisi nzima nilimngojea aliseme, mimi mtu mzima wa miaka sabini, namngojea mtoto mwenye sikio nusu aniponye na aibu yangu.

Ijumaa Majid aliporudi kutoka msikitini tukakaa kwenye sufra sisi wanne. Masouda alipika wali na nguru wa kukaanga, achari ya ndimu pembeni. Nilimega samaki, nikamrudisha sahanini.

"Kitendawili," nikasema.

Majid akainua uso. "Leo, Mama?"

"Leo."

"Haya, tega."

"Mzigo nimeufunga Azaiba, umemwangukia mtu Kanada."

Wijdan akaacha kula. "Bibi, usifanye hivyo."

"Wewe usijibu, unalijua."

"Ni posta?" akasema Masouda, na uso wake ulikuwa bado mwema. Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyonitazama hivyo.

"Siyo posta."

"Nimeshindwa," Majid akasema.

"Nipe mji."

"Chukua Nizwa."

"Nizwa nilikwenda, waliniandalia, chakula kikanikwama. Jawabu, uongo wangu."

Nikawasimulia. Nikasema habari ya pazia, na ufunguo, na kuinama, na kugusa ardhi. Masouda aliweka mikono miwili juu ya sufra, imetanuka, hakuiondoa. Majid akataka kusema, nikamzuia.

"Sijamaliza. Hilo ni la juu, kuna la chini yake. Mimi Muyuni sikuinama."

"Vipi hukuinama?" Wijdan ndiye aliyeuliza. Sauti yake ilikuwa ya miaka minane.

"Nilikuwa natoka pwani na kikapu cha chaza. Nikaona mkia kichakani, kisha nikauona na uso. Nilimkodolea macho, mwanangu, sikuweza kuyaondoa. Nikapiga ukelele Muyuni yote ikasikia. Nikamtupia kikapu, nikamtupia na mawe, mikono inarukaruka juu. Akageuka akaingia porini. Na khanga ikanidondoka hapo hapo, sikuiokota. Nikatoka mbio mpaka kwetu, na uwani wamekaa wanaume wanasuka kamba, nikapita mbele yao kifua wazi. Mama akanitokea na mwiko mkononi. Ningemwambiaje? Nikamwambia, niliinama kama ulivyonifunza, akapita, khanga imechukuliwa na miba. Akanisifu kwa majirani wote. Miaka sitini naisema hivyo, Majid. Imenikaa mdomoni mpaka mengine nikawa nayaona kama ya kweli."

Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo.

"Lile lililoandikwa kwenye karatasi yako," nikasema, "nililifanya mimi, mtoto asiye na karatasi, nikaja nikalificha kwa aibu ya khanga. Na huyu hakusahau chochote. Alikuwa na neno la wageni na neno la bibi yake, akashika la bibi yake. Ukimfungia pasi, unamfungia kwa kosa langu."

Masouda akainuka akakusanya sahani, hata za waliokuwa hawajamaliza. Mlangoni akasimama. "Nilikuomba, Mama. Miaka kumi na mitatu nyuma, nilikuomba kwa adabu." Akaingia jikoni, na tukasikia bomba.

"Kwa nini hukuniambia?" Majid akamuuliza bintiye.

"Ungemkasirikia Bibi."

"Na masomo yako?"

Wijdan akataka kujibu, akainama. Alipogundua kwamba ameinama akanyanyua kichwa haraka, na mimi hilo sitalisahau.

Majid alitoka bila ya kunipa mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Siku ile yote hakusema na mimi.

Jumamosi asubuhi nilisikia funguo za gari, nikajua anakwenda. Akaingia chumbani kwangu, amevaa kanzu na kofia, akakaa kwenye ncha ya kitanda kama alivyokuwa akikaa anapotaka ruhusa ya kwenda mpirani.

"Mama, ule mji niliokupa jana naurudisha. Niliutoa haraka."

"Mji haurudishwi."

"Huu utarudi." Akatia mkono mfukoni, akaiweka pasi juu ya shuka. "Chukua Nanaimo."

Nikashika mdomo.

"Mpe kwa mkono wako," akasema. "Na mfunze upya. Lile la kweli, la Muyuni. Mpaka alijue usingizini."

Nikampa. Wijdan aliruka akanikumbatia, kwa mkono mmoja.

Masouda nilimwendea mwenyewe, jikoni, nikamuomba radhi. Akafuta mikono taratibu. "Nimekusamehe, Mama," akasema. "Kukutazama ndio bado." Na ni kweli, mpaka Septemba, masomo ya Wijdan yalipofunguliwa tena, aliniletea dawa zangu kwa wakati, na maji ya kunywea, na hakunitazama. Ana haki yake.

Tukaanza mazoezi uwani, alasiri, jua likishapungua. Wijdan ndiye puma, anatoka nyuma ya tangi la maji. Mimi nimeifunga khanga mafundo mawili. Nikainua mikono, nikamkodolea macho, nikapiga ukelele mpaka dereva wa jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Khatari, Bibi!" Wijdan akacheka. "Hata mimi ningekimbia. Haya, zamu yangu. Wewe puma."

Nikapiga magoti kama zamani, nikazunguka tangi. Alikuwa amesimama katikati ya uwa, miguu ameitanua, macho yake yako kwenye yangu. Akapiga kelele. Mkono wa kulia ukapanda mpaka juu, vidole vyote wazi. Wa kushoto ukaja naye, ukafika begani, ukasita hapo unatetemeka.

"Njoo, Bibi," akasema. "Mbona husogei? Njoo."

"Nnakuja," nikamwambia. Lakini nilibaki pale pale kwa magoti, macho yangu kwenye mkono ule usiopita bega.